Siti binti Saad: sauti ya shamba iliyobadili masikio ya mjini

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, kiasi cha mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Alipofariki dunia tarehe 8 Julai 1950, Afrika Mashariki ilimjua kwa jina la Siti, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima. Maisha ya mwimbaji huyu yamo baina ya majina hayo mawili. Ndani yake imo pia habari ya jamii iliyokuwa ikimpima mtu kwa nguo aliyovaa, lugha aliyoimbia na muziki alioupenda.

Mtoto wa mfinyanzi

Fumba ni kijiji cha pwani, kusini mwa mji wa Zanzibar. Wazazi wa Siti walizaliwa Unguja, lakini asili yao ilikuwa bara: baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua. Katika Zanzibar ya zama zile, nasaba hizo zilitosha kumweleza mtu kabla hajafungua kinywa. Wanyamwezi na Wazigua wengi waliokuwako visiwani walifikishwa huko na biashara ya watumwa, wakafanyishwa kazi katika mashamba ya karafuu na minazi, au katika majumba ya matajiri. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897, Siti alipokuwa tayari msichana mkubwa.

Baba alikuwa mkulima na mama alikuwa mfinyanzi. Binti hakupelekwa shule, wala hakupata elimu ya kitabu. Alijifunza kulima, kusuka ukili na kufinyanga vyungu, kazi ambazo kila mwanamke wa shamba alitarajiwa kuzijua. Vyungu vilivyokwisha kuchomwa vilipaswa kuuzwa, na hapo ndipo kipawa chake kilipojitokeza. Alivichukua kichwani, akaenda navyo kwa miguu akivinadi kwa kuimba. Wasimulizi wa maisha yake wanakubaliana kwamba sauti ile ilisikika kwa mbali sana, na kwamba wanunuzi walimtambua kwa sauti kabla hawajamwona.

Mwuza vyungu mwenye sauti nzuri alibaki kuwa mwuza vyungu. Watu walipendezwa na mwito wake njiani kama wapendezwavyo na ndege aliaye mtini, lakini hakuna aliyeuhesabu kuwa ni muziki. Muziki, kwa maana iliyokubalika na wakubwa wa mjini, ulikuwa kitu kingine, nao ulikuwa na wenyewe.

Muziki uliokuwa na wenyewe

Wenyewe hao walikuwa watu wa kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa fahari. Ndiye aliyejenga jumba la Beit al-Ajaib lililokamilika mwaka 1883, na ndiye ambaye kwa kawaida hutajwa kuwa aliuingiza muziki wa taarab Zanzibar. Aliwaleta wanamuziki kutoka Misri wamtumbuize, kisha akamtuma kijana wa Kizanzibari, Mohamed Ibrahim, aende Cairo kujifunza kupiga ganuni. Kijana huyo aliporejea, akawa mwalimu wa wengine.

Neno taarab lenyewe linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kusisimkwa na kuchukuliwa na muziki. Katika kasri la Zanzibar msisimko huo ulikuwa na adabu zake. Wasikilizaji walikaa kwa utulivu. Ala zilikuwa udi, ganuni, fidla na nai. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, nyingi zikiwa zimetoka Misri. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha Ikhwani Safaa ili wajifunze na kupiga muziki huo. Walijinunulia ala kutoka ng'ambo, wakazilinda nyimbo zile kama walivyozipokea.

Swali la kujiuliza ni hili: wangapi miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza walizifahamu nyimbo hizo neno kwa neno? Watu wengi wa Unguja, hata baadhi ya wale waliojinasibisha na Uarabu, walizungumza Kiswahili majumbani mwao, wakaota ndoto zao kwa Kiswahili. Lakini kutofahamu hakukuondoa thamani ya wimbo. Pengine kuliiongeza. Kukaa mbele ya mwimbaji wa Kiarabu, kutikisa kichwa mahali pafaapo na kuonekana umeguswa kulikuwa ushahidi kwamba mtu ametoka katika nyumba ya wastaarabu. Neno hili nalo lina historia yake. Watu wa pwani tangu zamani walisifu uungwana, yaani sifa za mtu huru mwenye adabu. Katika karne ya 19, chini ya utawala wa masultani kutoka Oman, neno ustaarabu lilishika nafasi ya juu, nalo kwa asili yake lina maana ya kufuata Uarabu. Aliyekuwa nje ya ustaarabu aliitwa mshenzi, na jina hilo walitupiwa hasa watu waliotoka bara.

Nguo ilisema kabla ya ulimi

Mji wenyewe ulijengwa kwa namna iliyowatenga watu. Upande mmoja ulikuwako mji wa mawe, wenye majumba ya ghorofa na milango ya nakshi. Upande wa pili wa mkono wa bahari ulikuwako Ng'ambo, kwenye nyumba za udongo na makuti, walikoishi wachukuzi, mafundi, wavuvi, watumishi na watumwa waliokombolewa. Maji yalipojaa, pande hizo mbili ziliunganishwa na daraja, na mahali pale hadi leo huitwa Darajani.

Mavazi yalifanya kazi ileile ya maji. Enzi za utumwa, mwanamume mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Mwanamke mtumwa alijifunga merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au kaniki, kitambaa hichohicho kikiwa kimetiwa rangi nyeusi au buluu nzito. Hakuwa na haki ya kujifunika kichwa. Mabibi wa majumba makubwa walivaa suruali za marinda, kanzu za hariri na barakoa usoni. Kwa hiyo kilemba, viatu au kipande cha nguo kichwani vilikuwa sawa na hati ya uhuru iliyoandikwa mwilini.

Ndiyo maana, baada ya mwaka 1897, watu waliokombolewa walikwenda madukani. Wanaume walinunua kanzu na kofia. Wanawake waliacha kaniki, wakavaa kanga zenye maua na rangi, wakajifunika ukaya, na miaka ya baadaye wakavaa buibui, vazi lililomfanya mke wa mchukuzi na mke wa tajiri wasitofautike kwa urahisi njiani. Kwa mtazamaji wa mbali mambo hayo yalionekana kuwa ni fasheni tu. Kwa mwanamke aliyekuwa amekatazwa kujitanda, kanga ya pili juu ya kichwa ilikuwa tamko kwamba yeye ni mtu kama watu.

Katika ulimwengu huo wa alama ndipo Mtumwa binti Saad alipoingia mjini.

Kuja mjini

Ilikuwa kiasi cha mwaka 1911, mwaka uleule ambao Sultani Khalifa bin Harub alishika kiti cha enzi. Siti alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Hakuwa na mali, hakuwa na ukoo wa kumtambulisha, na wala hakusifiwa kwa uzuri wa sura. Alikuwa na sauti tu. Mwanamuziki mmoja wa mjini, fundi wa muziki wa Kiarabu, alimsikia akaona kwamba sauti ile haikustahili kuachwa barabarani. Alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, kushika maqamu na kutamka Kiarabu sawasawa.

Hatua hii ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Siti hakuubeza muziki wa wakubwa, wala hakuanza kwa kuupindua. Aliusoma kwanza. Alijifunza kusoma aya kwa matamshi sahihi, akajifunza nyimbo za Kiarabu hadi akaziweza. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya fahari hupata mambo hayo bila kujua kwamba anajifunza, nayo humkaa mwilini kama mwendo wake. Siti aliyapata ukubwani, kwa jitihada, akijua vyema kila kimoja kina bei gani. Huenda ndiyo sababu aliweza baadaye kuchagua lipi achukue na lipi aache.

Aliungana na kundi la wanamuziki wenziwe: Subeti bin Ambari, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo na Mwalimu Shaaban. Wengi wao hawakuwa watu wa majumba makubwa. Usiku walikutana nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, wakifanya mazoezi, na majirani walikuja kusikiliza. Walileta habari za mchana: nani ameoa, nani ameachwa, nani ameonewa mahakamani, nani amekula fedha za wenziwe. Habari hizo zilitungiwa mashairi, mashairi yakatiwa muziki, na kabla ya wiki kupita mji mzima ulikuwa ukiyaimba.

Lugha yake ilikuwa Kiswahili, na hapo ndipo palipokuwa na mageuzi. Ala zilikuwa zilezile za kasri. Maqamu yalikuwa yaleyale. Lakini maneno yalikuwa ya sokoni, kisimani na barazani, yenye mafumbo ambayo mwenyeji wa Ng'ambo aliyafumbua haraka kuliko bwana aliyekaa kwenye zulia. Kwa mara ya kwanza katika muziki ule, aliyesikiliza kwa kuelewa alikuwa na faida juu ya aliyesikiliza kwa heshima.

Kejeli na jibu lake

Haukupita muda mrefu kabla sifa zake hazijavuka daraja. Mialiko ilitoka kwenye harusi za matajiri, kwenye nyumba za Waarabu na Wahindi wenye mali, hatimaye kutoka kwa Sultani mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alipoimba mbele ya wanaume wa tabaka hilo alijifunika uso. Mwuza vyungu aliyepita njia zote za shamba kichwa wazi sasa aliketi kwenye kasri akiwa amejisitiri kama mabibi wa nyumba ile. Kwa tendo hilo alikuwa akidai staha ambayo watu wa asili yake walinyimwa kwa sheria.

Jina lake nalo lilibadilika. Mtumwa akawa Siti. Wazanzibari wengi wa kizazi chake walifanya vivyo hivyo: majina yaliyobeba alama ya utumwa yaliachwa, yakachukuliwa majina ya waungwana. Tofauti ni kwamba wengi walijipa majina mapya kimyakimya, ilhali la Siti lilitamkwa hadharani na mji mzima, hata na watu ambao wazazi wao waliwamiliki wazazi wa wenziwe.

Si wote waliofurahi. Washindani wake walimtungia wimbo wa kumfedhehesha, na wimbo huo ulipata umaarufu. Ulimkumbusha alikotoka, ukataja kaniki aliyokuja nayo mjini, ukauliza tangu lini naye amehesabiwa kuwa mtu, na kudokeza kwamba lau si sauti angekosa riziki. Msomaji atambue jinsi kejeli ilivyopangwa. Haikusema kwamba Siti hajui kuimba. Haikuweza. Iligusa nguo, shamba na nasaba, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa vipimo vya thamani ya mtu, na waliotunga walitumaini kwamba vipimo hivyo vingali vikifanya kazi.

Siti alijibu kwa wimbo. Hakukana kwamba alitoka shamba, wala hakujitungia ukoo. Jibu lake lilikuwa kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba havimfai mtu kitu ikiwa hana akili, na kwamba hasara ya kweli ni hiyo. Wimbo wa kejeli na wimbo wa jibu vimeendelea kukumbukwa pamoja, na hilo peke yake linaonyesha nani aliibuka mshindi: leo hakuna akumbukaye tusi lile ila kwa ajili ya jibu lake.

Safari ya Bombay

Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone, iliyotoa santuri kwa nembo ya His Master's Voice, ilikuwa ikitafuta soko Afrika Mashariki. Hadi wakati huo, wenye gramafoni Zanzibar walisikiliza santuri za Misri na za Bara Hindi. Kumiliki mashine ile kulikuwa fahari, na kuwa na santuri za Cairo kulikuwa fahari zaidi. Kampuni iliamua kujaribu sauti za Kiswahili. Siti na wenzake wakapanda meli kwenda Bombay, wakarekodi nyimbo nyingi. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa kibiashara, na mwanamke wa kwanza wa eneo hilo kupata jina kwa njia hiyo. Katika miaka iliyofuata alirekodi tena, na nyimbo zake kwa jumla zilizidi mia.

Santuri ziliuzwa kuliko ilivyotazamiwa. Zilifika Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam, zikavuka hadi Komoro, zikapanda bara kwa reli pamoja na wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Wasiokuwa na uwezo wa kununua mashine walisikiliza kwenye migahawa ya kahawa, ambako mwenye duka aliweka gramafoni ili avute wateja. Mtu aliweza kunywa kikombe kimoja cha kahawa kwa saa nzima, akasikia wimbo uleule uliopigwa kwa Sultani.

Jambo hili lilitikisa mpango wa zamani. Muziki wa kasri ulikuwa na thamani kwa sababu milango ya kasri ilifungwa. Santuri haikuulizia nasaba ya mnunuzi. Zaidi ya hayo, mashine iliyokuwa alama ya ustaarabu wa kigeni sasa ilitoa Kiswahili cha Ng'ambo, katika sauti ya mwanamke aliyezaliwa na jina la Mtumwa. Wale waliokuwa wakisema kwamba Kiswahili ni lugha ya jikoni, isiyofaa kwa taarab, walijikuta wakinunua santuri hizo kama wengine.

Mwaka huohuo wa 1928, wakazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi za viwanja kwa wenye ardhi, katika mgomo uliowashtua watawala wa Kiingereza. Haitakuwa haki kusema kwamba nyimbo ndizo zilizoleta mgomo. Lakini watu waliogoma na watu waliokusanyika usiku nyumbani kwa Siti walitoka katika vichochoro vilevile, wakizungumza habari zilezile.

Wimbo ulioketi kwenye kiti cha hakimu

Nyimbo zake nyingi zilikuwa za mapenzi. Nyingine zilishitaki. Mashuhuri kuliko zote ni wimbo wa Kijiti, uliotokana na kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa mjamzito, alikuja Zanzibar, akatolewa nje usiku na mwanamume aliyeitwa Kijiti, akauawa. Mwuaji alikimbilia bara, asipatikane. Wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu walifika mbele ya sheria kutoa ushahidi, wakaishia wao kuadhibiwa. Wimbo wa Siti ulieleza kisa hicho hatua kwa hatua, ukawataja wahusika, ukaacha hukumu ya mahakama ijieleze yenyewe mbele ya wasikilizaji.

Nyimbo nyingine zilihusu wakubwa waliotumia kalamu kuwadhulumu wasiojua kusoma, na kufurahia walipokamatwa. Kwa msikilizaji asiyejua kusoma, asiyeweza kuandika malalamiko wala kumlipa wakili, nyimbo hizi zilikuwa gazeti na baraza la mashauri.

Hapa ndipo inapobainika kwa nini ubishi kuhusu lugha ya taarab haukuwa ubishi wa ladha peke yake. Wimbo wa Kiarabu kuhusu mbalamwezi na mpenzi aliye mbali haukumdhuru mtu yeyote katika mji wa mawe. Wimbo wa Kiswahili kuhusu hakimu uliwahusu watu waliokuwa wakisikiliza. Aliyesema kwamba Kiswahili hakipendezi katika taarab huenda aliamini kwa moyo safi kwamba anazungumzia uzuri tu. Hata hivyo kauli yake ilikuwa na faida nyingine: iliamua ni nani asikilizwe na mambo ya nani yasitajwe. Mara nyingi mtu hawezi kutofautisha kile anachokipenda na kile kinachomweka juu ya wenziwe, kwa kuwa vyote viwili humjia kwa jina moja, jina la uzuri.

Miaka ya jioni

Umaarufu haukumfanya Siti kuwa tajiri wa majumba na mashamba. Alipata tuzo, zawadi na malipo, akaishi kwa heshima, lakini aliendelea kuwa mtu wa Ng'ambo. Katika miaka ya 1930 vyama vya taarab vya wanawake vilichipuka mjini, vikishindana kwa nyimbo na kwa sare za nguo, na wanawake wa asili mbalimbali walikutana humo. Mlango alioupita peke yake ukawa njia ya wengi. Miongoni mwa waliosikia na kufuata nyayo zake alikuwa msichana Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Bi Kidude, aliyeimba nyimbo za Siti hadi uzeeni na kufariki mwaka 2013.

Karibu na mwisho wa maisha yake Siti alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi na mwandishi kutoka Tanga. Mwandishi huyo aliyasikiliza maisha yake, akayaandika katika kitabu cha Wasifu wa Siti Binti Saad. Uamuzi huo haukuwa mdogo. Wasifu katika utamaduni wa pwani uliandikiwa masultani, masharifu na wanazuoni. Shaaban Robert aliuandika wa binti wa mfinyanzi, kwa Kiswahili kilekile cha fasaha alichokitumia kwa mambo makubwa, na kitabu hicho kikaja kusomwa mashuleni. Wanafunzi ambao babu zao waliambiwa kwamba lugha yao haifai kwa muziki wa waungwana walijifunza ufasaha wa lugha hiyo kwa kusoma maisha ya mwimbaji wake.

Siti alifariki miezi sita baada ya mwaka 1950 kuingia, akiwa na umri wa miaka sabini hivi.

Kipimo kimehama

Leo taarab ya Kiswahili ndiyo inayoitwa taarab asilia. Hupigwa kwenye sherehe za kitaifa na kwenye matamasha, mbele ya wageni wa heshima, na wasikilizaji wake huketi kwa utulivu wakitikisa kichwa mahali pafaapo. Ikhwani Safaa wenyewe, walioanza kwa nyimbo za Kiarabu, kwa miaka mingi wameimba kwa Kiswahili. Mwaka 1988 chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida la kutetea wanawake, kililipa jina la Sauti ya Siti.

Lakini kipimo cha zamani hakikufa. Tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa, yenye vinanda vya umeme na mafumbo yasiyofichwa sana, imewajaza wanawake wa mitaani kwenye kumbi, wakisimama, wakicheza na kutuza. Wapenzi wengi wa taarab asilia huiona kuwa ni kelele za wasiokuwa na adabu. Inawezekana wana haki katika baadhi ya wanayoyasema juu ya ufundi wa ala na utungaji. Hata hivyo lawama zao zinafanana mno na zile alizotupiwa Siti: lugha ni ya mitaani, wasikilizaji ni watu wa chini, mambo yanayoimbwa hayafai kutajwa mbele ya watu. Anayelaumu hivyo huku amemtundika Siti ukutani angefanya vizuri kukumbuka kwamba, miaka mia moja iliyopita, yumkini yeye mwenyewe angekuwa upande wa watunzi wa ule wimbo wa kaniki.

Na Fumba? Kijiji alichotoka mwuza vyungu sasa kinajengwa nyumba mpya za kisasa, zinazouzwa kwa wenye fedha kutoka visiwani, bara na nchi za mbali. Katika wimbo wa kejeli, kutoka shamba lilikuwa tusi. Siku hizi wapo wanaolipa fedha nyingi ili wapate anwani ya hapo.